Kabla ya kumwajiri mfagiaji wa tangi la samaki

Kuna wageni wawili ambao huingia katika tangi la samaki bila kualikwa. Wa kwanza ni jirani anayetaka kujua ulilinunua wapi na kwa pesa ngapi. Wa pili ni mwani, ule ukijani unaoteleza ambao huanza kama vumbi juu ya kioo na, kabla hujajua, umefunika mawe, majani na hata bomba la kusafishia maji.

Jirani huondoka akishakunywa chai. Mwani hauondoki.

Kila ninapozungumza na watu waliopanda mimea ndani ya matangi yao, swali ni lile lile: "Ni mnyama gani nimtie humo ale huo uchafu?" Leo nitalijibu. Lakini itabidi nianze kwa kukiri makosa yangu mwenyewe, kwa sababu makosa hayo yalinitoa sebuleni kwangu na kunifikisha katika chumba cha daktari nikiwa nimemshika mwanangu mkono.

Kisa cha Kanjo

Tangi letu ni la lita 90. Tulimnunulia kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, akalipanda mimea kwa mikono yake. Nami, kwa kutaka uzuri, nikaliweka karibu na dirisha ili jua la asubuhi liimulike hiyo bustani. Miezi mitatu baadaye hatukuwa na bustani. Tulikuwa na bakuli la supu ya mboga.

Nilirudi kwa muuzaji. Akanitolea samaki mweusi mwenye madoadoa, urefu wa kidole, mdomo wake umegandamana na kioo kama gundi. "Huyu ndiye mfagiaji, mama," akaniambia. "Mpeleke, usahau kazi." Kijana wangu alimbatiza jina la Kanjo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufagia.

Huyo, msomaji, alikuwa pleko wa kawaida, kambale wa mito ya Amerika Kusini. Wahenga walituambia samaki mkunje angali mbichi, lakini huyu hata ukimkunja atakukunjukia. Pleko wa kawaida hufikia sentimita 30 na hata kupita 40. Akiwa mdogo hula mwani kwa bidii. Akikua huvivia kazi, hungoja chakula cha wenzake, na kinyesi chake huwa kingi mno, nacho ndicho mbolea inayoulisha huo mwani uliomnunulia aumalize!

Kabla ya mwaka kwisha Kanjo alikuwa amepita rula ya mtoto ya shule. Alipogeuka, mimea iling'oka. Kila asubuhi tulikuta majani yakielea juu na maji yakiwa machafu kuliko siku aliyoajiriwa.

Chupa ya jemu kutoka mferejini

Likizo ya Agosti ilipofika, kijana alikwenda kwa nyanya yake, upande wa Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga. Aliporudi alikuwa na chupa ya jemu iliyojaa konokono. Yeye na binamu zake walikuwa wameingia mferejini, maji yakiwafika magotini, wakawaokota. Mtoto wa watu alikuwa amesikia kwamba konokono hula mwani, naye alitaka kumsaidia mamake. Kabla sijarudi kutoka kazini alikwisha kuwamwaga ndani ya tangi.

Jioni hiyo dada yangu, ambaye ni muuguzi, alipita nyumbani. Alipowaona wale konokono alisimama wima. "Wametoka wapi hawa?" Nilipomwambia, aliniamuru nisitie mkono majini.

Inafaa kila mzazi alifahamu jambo hili. Konokono wa aina fulani wanaoishi katika mito, vidimbwi na mifereji yetu ndio wanaobeba kimelea cha kichocho. Mtu mgonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai ya kimelea huanguliwa humo na kuingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono huachilia maelfu ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Si lazima unywe maji hayo. Kutia mkono kunatosha. Mwea, pamoja na sehemu za kandokando ya Ziwa Victoria na za Pwani, ni miongoni mwa maeneo ambako ugonjwa huu umesumbua watu kwa miaka mingi.

Isitoshe, mmoja wa konokono hao wanaoeneza kichocho cha matumbo ana gamba lililojikunja bapa kama pembe ya kondoo, na mtu asiye mtaalamu anaweza kumlinganisha na yule wa kupendeza anayeuzwa madukani.

Daktari alitushauri tusikimbilie kupima siku hiyo hiyo, kwa sababu mayai huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana katika choo. Hizo zilikuwa wiki ndefu mno maishani mwangu. Kila mtoto aliposema tumbo linamuuma, moyo wangu ulishuka. Hatimaye alipimwa, na mayai yakaonekana. Alipewa vidonge vya prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake, na alipopimwa tena alikuwa mzima. Binamu zake nao walipimwa na kutibiwa. Daktari alisema kuna uwezekano mkubwa aliupata ugonjwa mferejini alikosimama, wala si katika tangi letu. Hata hivyo, mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika juu ya mwani kila jioni mbele ya mtoto. Sijalisahau hilo.

Tangi tulilimwaga chooni, si mtaroni, tukalisafisha na kuliacha likauke kabisa. Nilianza upya, na mara hii nilisoma kwanza.

Ziba ufa kabla ya kujenga ukuta

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba hakuna mnyama awezaye kushinda mwani ambao mwenye tangi anaulisha kila siku. Mwani hutaka vitu viwili: mwanga na mbolea. Ukivipunguza, nusu ya kazi umeimaliza bila kununua mnyama yeyote.

Sisi tulio karibu na Ikweta tuna takriban saa 12 za mchana mwaka mzima. Kwa hiyo ondoa tangi dirishani. Tumia taa, na uiwashe kwa saa 6 hadi 8 tu. Lisha samaki kidogo, kiasi watakachomaliza kwa dakika mbili hivi. Badilisha robo ya maji kila wiki. Panda mimea mingi inayokua haraka tangu siku ya kwanza, maana mimea iliyoshiba huunyang'anya mwani chakula. Maji ya mfereji wa nyumbani yana klorini, hivyo tumia dawa ya kuiondoa kabla hujayatia.

Kile kilichokwisha kuganda kwenye kioo, kikwangue mwenyewe kwa wembe au kadi ya benki iliyopitwa na muda. Mkono wako ndio mfagiaji wa kwanza.

Jua adui ni yupi

Mwani si wa aina moja, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Mtu humnunua mnyama hodari, akamtia katika tangi lenye mwani asioula, kisha akalalamika kwamba amedanganywa.

Kuna utando wa rangi ya kahawia kama vumbi la barabara ya udongo. Huu hutokea sana katika tangi jipya, na mara nyingi huisha wenyewe. Kuna vumbi la kijani juu ya kioo, na kuna madoadoa ya kijani magumu yasiyotoka kwa kidole. Kuna nyuzi za kijani zinazoning'inia kama nywele. Kuna zile ndevu nyeusi zinazoota kwenye kingo za majani, na hizi ndizo sugu kuliko zote.

Maji yenyewe yakigeuka kijani kama yametiwa rangi, usimnunue mnyama wa kulamba kioo, kwa sababu mwani huo unaelea na hana pa kuulamba. Punguza mwanga. Vivyo hivyo, ukiona utando wa kijani-buluu unaoambuka kama ngozi na kunuka vibaya, huo si mwani hasa bali ni bakteria, na usitegemee mnyama yeyote kuumaliza. Unyonye kwa mpira, badilisha maji, kisha funika tangi kwa blanketi kwa siku tatu bila taa.

Wafanyakazi wanaofaa

Sasa tuje kwa wanyama wenyewe. Nitawataja wale ninaowaona kuwa salama kwa mimea.

Neriti. Huyu ni konokono mdogo mwenye gamba la mistari au madoa. Kwa kazi ya kioo na mawe, sijaona wa kumshinda. Hula utando wa kahawia, vumbi la kijani, na hata hupunguza yale madoadoa magumu. Haguse mimea yenye afya. Uzuri wake mwingine ni kwamba hawezi kukujazia nyumba, kwa kuwa watoto wake hawakui katika maji yasiyo na chumvi. Kero yake ni mayai meupe kama ufuta ambayo huyabandika kila mahali. Aidha, hupenda kupanda hadi nje, kwa hiyo funika tangi. Maji laini mno humla gamba, basi weka kipande cha mfupa wa ngisi au ganda la yai lililochemshwa. Watatu wanatosha tangi la lita 90.

Uduvi wa Amano. Jina hili limetokana na Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyeishi kutoka 1954 hadi 2015, na ambaye matangi yake ya mimea yalisifika duniani kote. Ndiye aliyewafanya uduvi hawa wajulikane katika miaka ya 1980. Wana urefu wa sentimita 5 hivi, hawana rangi ya kutisha, na hushinda wakichambua majani kama akina mama wanaochambua mchele. Nyuzi za kijani ndizo chakula chao. Kumi wanafaa tangi kama langu. Hawa pia hawazaani ovyo, maana vifaranga vyao huhitaji maji ya chumvi.

Uduvi mwekundu. Ni mdogo zaidi, huzaana kwa urahisi katika maji matamu, na watoto humpenda kwa rangi yake. Hula mwani laini na mabaki ya chakula. Si mchapakazi kama wa Amano, lakini akiwa na wenzake hamsini kazi huonekana.

Ukifuga uduvi, kumbuka mambo mawili. Usitie dawa ya samaki yenye shaba, itawaua wote kwa usiku mmoja, pamoja na konokono. Pili, mtoto akija mbio kukuambia uduvi amekufa, tazama vizuri kwanza. Mara nyingi ni gamba tupu, kwa kuwa uduvi hujivua gamba akikua. Lile gamba liache, watalila wenyewe.

Oto. Huyu ni kambale mdogo wa Amerika Kusini asiyezidi sentimita 5. Ni mpole, hagusi uduvi, na hulamba utando wa kahawia na vumbi la kijani juu ya majani bila kuyatoboa. Lakini usimnunue mmoja, nunua sita, maana hupenda kundi. Wala usimtie katika tangi jipya. Wengi wao hunaswa mitoni na kusafirishwa mbali wakiwa na njaa, hivyo dukani mtazame tumbo. Likiwa limebonyea, mwache. Subiri tangi lako litimize miezi michache ndipo umlete, na mwani ukipungua mpe kipande cha tango au jani la mchicha lililochemshwa kidogo.

Mla mwani wa Siamu. Anatoka Thailand na nchi za jirani. Huyu ni miongoni mwa samaki wachache wanaozila ndevu nyeusi, hasa akiwa bado mchanga. Shida ni kwamba ana ndugu wa kufanana naye wasio na bidii hiyo. Mtambue hivi: mstari wake mweusi huanza puani na kupitiliza hadi mwisho wa mkia, kingo zake si laini bali zina meno-meno, na mapezi yake hayana rangi. Ukiona mstari umekomea kabla ya mkia, au juu yake kuna mstari wa dhahabu, huyo si yeye. Hufikia sentimita 15 na hupenda kukimbia, kwa hiyo tangi dogo halimfai.

Ansistrusi. Ni kambale mwenye ndevu puani, wa jamaa ya pleko, lakini hukomea sentimita 12 hadi 15. Ikiwa lazima uwe na "mfagiaji" wa kugandamana na kioo, basi ni huyu. Mpe kipande cha mti wa kukwangua, na umlishe mboga, la sivyo anaweza kuyaparura majani mapana.

Wa kukataa hata ukipewa bure

Mbali na pleko wa kawaida, ambaye nimekwisha kukusimulia, mkatae samaki anayeitwa mla mwani wa Uchina. Akiwa mchanga ni mtiifu. Akikomaa huwa mkali, huacha mwani, huwagandamana wenzake ubavuni na kuwanyonya ule ute unaowakinga na magonjwa.

Mwingine ni konokono tufaha, yule mkubwa kama yai la kuku. Baadhi ya jamii yake hula mimea kama mbuzi. Huyu hatuna haja ya kuhadithiwa. Ni mzaliwa wa Amerika Kusini, akapelekwa Asia karibu na mwaka wa 1980 ili afugwe kwa chakula, akatoroka na kuwa balaa la wakulima wa mpunga. Mwaka wa 2020 aliripotiwa katika mashamba ya Mwea. Nyanya ya kijana wangu alinionyesha vishada vya mayai yake, rangi ya waridi, vimebandikwa kwenye mashina ya mpunga juu ya maji. Mche mchanga ukikatwa na konokono usiku, asubuhi mkulima hukuta maji matupu.

Kwa hivyo, msomaji, usiokote konokono wa mtoni wala wa mferejini. Nunua aliyezaliwa katika tangi. Kimelea cha kichocho hakizuki chenyewe. Konokono aliyezaliwa katika maji safi yasiyoingiwa na uchafu wa mgonjwa hana ugonjwa huo.

Na ukichoka usimtupe mtoni

Mnyama akikushinda, usimwachilie mtoni, bwawani wala mtaroni ukidhani unamfanyia huruma. Sisi Wakenya tumelipia huruma za aina hiyo. Kamba wa maji matamu kutoka Marekani waliingizwa katika Ziwa Naivasha mwaka wa 1970, wakaishambulia mimea ya majini. Gugu-maji, ua zuri la Amerika Kusini lililosambazwa duniani kwa ajili ya mapambo, lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo wavuvi wa Kisumu hulazimika kulipasua kwa mashua zao.

Kanjo tulimtafutia mwenyeji mwingine, mzee mmoja mwenye tangi la lita 800. Kijana wangu alimbeba ndani ya ndoo hadi mlangoni, akasita kidogo, kisha akamwambia yule mzee, "Usimwekee mimea, ataing'oa."

Leo tangi letu lina neriti watatu, uduvi wa Amano kumi na oto sita. Kioo nakikwangua mimi kila Jumamosi. Mwani bado upo kidogo kwenye mawe ya nyuma, nami nimeuacha, kwa sababu ukiisha kabisa hao wafanyakazi watakula nini? Kijana huosha mikono hadi kwenye kiwiko kabla na baada ya kugusa maji, bila kukumbushwa.

Kabla hujamlaumu mnyama, basi, kagua taa, chakula na ndoo yako ya maji. Kisha mtazame mtoto anayekusikiliza ukilalamika. Huenda naye anatafuta chupa ya jemu.